Godoro la Mama Yetu

Mtu akinunua jembe huligonga kwa ukucha asikie mlio wake. Akinunua sufuria huiinua juani atazame kama ina tundu. Walakini godoro, ambalo atalilalia yapata theluthi ya maisha yake, hulinunua kwa kulitazama tu, likiwa limesimamishwa ukutani dukani na kufungwa katika nailoni. Sisi nasi tulifanya hivyo, tukaona aibu, na habari yenyewe ndiyo hii.

Sisi tu ndugu watatu, wazaliwa wa wilaya ya Kisarawe, upande wa Maneromango. Wawili wetu ni walimu Kibaha, na wa tatu ana duka dogo papo hapo mjini. Mama yetu hakukubali kuhama Uzaramo, kwa sababu ya mikorosho yake, na kwa sababu ya kaburi la baba. Tangu tupate akili tulimwona akilala juu ya kitanda cha kamba za usumba, kile ambacho watu wa pwani hukiita teremka-tukaze, kwa kuwa kamba zake hulegea, na mlalaji hana budi kushuka ili zikazwe tena. Juu yake palikuwa na godoro la sufi, alilolishona marehemu baba kwa kitambaa cha mistari, na sufi yake ilitoka katika msufi uliosimama nyuma ya nyumba.

Vijana wa sasa wengi hawajui kazi ya sufi, basi tuieleze kidogo. Wakati wa kiangazi msufi hupukutisha majani, matunda yake yakakauka na kupasuka, na ile sufi nyeupe ikaanza kupeperuka. Sisi watoto tulikuwa tukiiokota, tukakaa barazani tukiichambua kutoa mbegu nyeusi, huku tukipiga chafya. Unyuzi wa sufi ni mwanana na wenye kuteleza, kwa hiyo haukubali kusokotwa kama pamba. Lakini ndani yake mna uwazi uliojaa hewa, na juu yake mna kitu kama nta kinachozuia maji. Ndiyo maana zamani za vita vikuu viwili mabaharia walivaa makoti ya kuelea yaliyojazwa sufi, na kisiwa cha Java kilipata fedha nyingi kwa kuiuza. Zamani za Wadachi misufi ilipandwa katika mashamba hapa kwetu pia, na sufi ikapelekwa Ulaya. Aibu ya sufi ni mbili: miaka ikipita hugandamana ikawa mabonge, isipotolewa, kuanikwa juani na kuchambuliwa upya, nayo hushika moto upesi mno, hata mwenye kibatari karibu na kitanda hana usalama.

Mama alikuwa akifanya hivyo kila mwaka, akifungua mshono, akianika, akishona tena. Sisi tuliona ni kazi ya umaskini. Tukasema, Tu watu wazima watatu wenye mshahara na biashara, na mama yetu bado analalia kitu kilichookotwa chini ya mti!

Basi likizo ya Desemba, mwaka 2022, tulichanga fedha, tukaenda Maili Moja, tukanunua godoro la sponji la futi tano kwa sita, unene wake inchi kumi, lenye maua mekundu. Tulichagua lililo nene kupita yote dukani. Hakuna hata mmoja wetu aliyelilalia. Tulilibonyeza kwa kidole tu, likabonyea, tukacheka kwa furaha. Tukanunua na kitanda cha mbao. Tukavifunga juu ya gari, tukashuka barabara ya Morogoro hata Dar es Salaam, tukapanda milima ya Pugu, tukapita Kisarawe mjini, na kila kijiji tulichopita watu walisimama kutazama. Katika Injili twasoma habari za mgonjwa aliyeambiwa ajitwike godoro lake aende zake. Lingalikuwa kama hili letu, nadhani angaliomba msaada.

Tulipofika, majirani walikusanyika, vigelegele vikapigwa. Mama alilipapasa akanyamaza, kisha akatushukuru mmoja mmoja kwa jina. Nasi kwa kuona tumefanya jambo kubwa, tukalichukua lile la sufi, tukalipeleka mwisho wa shamba, tukalitia moto. Liliwaka mara moja, kama karatasi. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema neno.

Wakati wa Pasaka, mwaka 2023, tulikwenda kumwamkia. Tukamkuta anatembea ameinama, mkono kiunoni. Tukamwuliza, Mama, una nini? Akasema, Uzee, wanangu. Tungaliondoka na jibu hilo, kama si mjukuu wake wa miaka saba alalaye naye chumba kimoja. Mtoto yule alitufuata mwembeni, akasema kama asemaye habari ya kuku, Bibi halali kitandani. Bibi analala chini, kwenye mkeka. Asubuhi anatandika kitanda ili watu wasijue.

Tuliingia chumbani. Godoro lilikuwa bado ndani ya nailoni yake ya dukani, jipya kama siku ile. Alikuwa ameiacha ili zawadi ya watoto isichafuke. Siku zile chache alizojaribu kulilalia, nailoni ilipiga kelele kila alipogeuka, na jasho likakosa pa kwenda, akaamka shuka imelowa. Tena kitanda pamoja na zile inchi kumi vilikuwa virefu, hata akiketi ukingoni miguu yake haigusi sakafu. Usiku mmoja aliteleza alipokuwa akishuka, akadaka ukuta. Na alipolala katikati alizama, nyonga zikaenda chini, magoti yakabaki juu, akakosa pa kujishikia ajiinue.

Tukamwuliza, Mbona hukutuambia? Akajibu, Ningewaambiaje, wanangu? Mlikuja nalo juu ya gari, kijiji kizima kinatazama.

Neno hili lilituchoma. Tuliporudi Kibaha tulianza kuuliza na kusoma, kama walimu wafanyavyo wakishachelewa. Sponji ya magodoro haitoki baharini wala shambani. Hutengenezwa kiwandani kwa kuchanganya dawa za maji zinazoumuka kama unga wa maandazi, zikaganda zikiwa na matundu elfu na elfu ya hewa. Asili ya ufundi huo ni kazi ya Otto Bayer na wenzake, Wajerumani, mwaka 1937. Nguvu yake ya kudumu haijulikani kwa unene, bali kwa uzito, yaani katika mita moja ya ujazo mna kilo ngapi za sponji. Iliyo nyepesi ni hewa tupu na kuta nyembamba. Ukiilalia miezi michache kuta zile huchoka, pakafanyika shimo. Sisi walimu twaliona jambo hili kila muhula katika mabweni: mtoto huja na kigodoro cheupe begani, na mwaka haujaisha amelala juu ya chaga.

Lakini uzito si ugumu, na hapa tulijifunza jambo jingine. Wazee wetu wengi, na waganga wengi pia, walisema mwenye kuumwa kiuno alale juu ya kitu kigumu, hata ubao. Mwaka 2003 madaktari wa Hispania walitangaza katika jarida la The Lancet jaribio walilolifanya kwa watu 313 wenye maumivu ya kiuno ya siku nyingi. Wengine waliwapa magodoro magumu, wengine ya ugumu wa kadiri, muda wa siku 90. Wale wa magodoro ya kadiri ndio waliopata nafuu zaidi. Sababu si ngumu kufahamu. Mtu si gogo. Akilala ubavu, bega na nyonga vyataka kuingia kidogo, na kiuno chataka kushikwa. Kigumu mno huacha kiuno kinaning'inia. Laini mno humeza nyonga, uti wa mgongo ukapindika. Tena wembamba na wazito hawaingii kiasi kimoja, hivyo godoro limfaalo mtoto wako huenda lisimfae mama yako, ajapokuwa amelilipia mtoto.

Lile la inchi kumi tulilirudisha Kibaha usiku, majirani wasione, kwa kuwa mama alitaka hivyo. Liko katika chumba cha wageni. Tumeona kwamba wageni wetu siku hizi hawakai sana.

Kisha tulimleta mama mwenyewe. Alikataa mara mbili, akisema mwanamke wa umri wake halali mbele ya watu sokoni. Mara ya tatu dada yetu alimwambia wataingia mapema, kabla duka halijajaa, na shuka watakuja nayo. Mwenye duka hakupendezwa. Alisema magodoro hutazamwa, hayalaliwi. Tukamsihi, tukamweleza habari yote, hata ya mkeka, naye akanyamaza kidogo, akamwita kijana wake, wakayalaza magodoro manne juu ya chaga, wakayafungua nailoni.

Mama alivua kanga ya juu, akaikunja ikawa mto. La kwanza alishuka mara moja. La pili alilala chali, dada yetu akapitisha kiganja chini ya kiuno chake, kikapita pasipo kugusa kitu. Tukasema, Hili ni gumu mno. La tatu lilikuwa la inchi sita, futi nne kwa sita, zito kubeba, lisilo na maua. Aliketi ukingoni kwanza, na nyayo zake zikakanyaga sakafu sawasawa. Akalala ubavu, akageuka ubavu wa pili pasipo kushika kitu. Tukamwuliza, Vipi, Mama? Hakujibu. Tukangoja, tukidhani anafikiri.

Yule kijana wa duka ndiye aliyeinama kumtazama uso. Akatuashiria kwa mkono tunyamaze. Mwenye duka akaenda mlangoni, akasimama hapo, akawaambia wanunuzi waliokuwa wakija wapite baadaye kidogo.