Mshale wa Mhadzabe unapumzika wapi?

MWENZENU leo naandika kwa shida kidogo, maana kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kimefungwa plasta. Msicheke. Si ugomvi wa disko wala kisu cha vitunguu, ingawa huko nilikotoka vitunguu ni vingi kuliko watu. Kidole kimechanwa na unyoya. Naam, unyoya wa kanga yule ndege!

Subirini nieleze.

Binamu yangu ni dereva wa magari ya watalii hapa Arusha. Juzi alipata mgeni mmoja tu, Mmarekani wa makamo kutoka Pennsylvania, aliyetaka kupelekwa Mangola, kando ya Ziwa Eyasi, akawaone Wahadzabe. Kijana wao wa kupika akaanguka malaria. Binamu akanifuata kijiweni.

"Dogo, wewe si unajua kukaanga mayai?"

"Najua."

"Na Kiingereza cha form four bado unacho?"

"Kipo kaka, kimepungua kidogo tu."

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kiti cha mbele, mpishi na mkalimani, nimevaa kofia ya kuazima.

Mgeni mwenyewe hakuwa mtu wa maneno mengi. Mpaka Makuyuni kimya, mpaka Mto wa Mbu kimya, anatazama nje tu. Tulipoanza kuupanda ule ukingo wa Bonde la Ufa, mibuyu huku na Ziwa Manyara linametameta chini kule, akaniuliza kama nimewahi kupiga mshale. Nikamjibu mimi mtoto wa mjini, silaha yangu kubwa ilikuwa manati, nayo niliiacha darasa la nne. Akacheka. Halafu akafunguka.

MKASA WA KULUNGU

Kumbe kwao ni mwindaji. Kila ukifika mwezi wa kumi hupanda juu ya mti kabla hakujakucha, hukaa kwenye kijukwaa na upinde wake na kusubiri kulungu wa kwao apite chini. Huko ni halali, kuna msimu wake na leseni yake.

Sasa mwaka juzi akatokea dume kubwa, pembe kama matawi. Jamaa akavuta upinde. Baridi ilikuwa kali, mikono ikatetemeka, mshale ukateleza pale ulipolala na kugonga chuma. Ting! Kulungu akainua kichwa. Yeye kwa pupa akauweka tena mshale, akaachia. Ukampiga mnyama tumboni.

Alifuata damu mpaka saa sita usiku. Mvua ikanyesha, damu ikafutika. Kesho yake akatafuta tena kutwa nzima, hakumpata. Mnyama alikwenda kufa mahali peke yake, na nyama ikawa ya mbweha.

Alipofika hapo akanyamaza, nikamwona mtu mzima anameza mate. Akasema tangu siku ile amebadilisha kilalio mara mbili na bado hajaridhika.

Kilalio ni nini? Hata mimi niliuliza. Akatoa simu akanionyesha picha, na hapo nikapata somo ambalo shuleni halikuwepo.

Upinde wa siku hizi wa Wamarekani si mti na kamba. Ni chuma, na kila ncha ina kapi kama zile za kuvutia maji kisimani. Uliubuniwa miaka ya 1960 na bwana mmoja wa Missouri, Holless Wilbur Allen, akapewa hataza mwaka 1969. Ujanja wake ni kwamba ukishauvuta mpaka mwisho, uzito unapungua sana mkononi, kwa hiyo unaweza kuushikilia umevutwa huku unasubiri mnyama ageuke vizuri. Muda wote huo mshale lazima ulale juu ya kidude fulani pale katikati ya upinde. Hicho ndicho kilalio, nacho kiko cha aina nyingi. Yeye alinitajia tatu.

Cha kwanza ni kama uma wenye meno mawili, mshale unakaa katikati. Ni rahisi, hakina mambo mengi, ila ukitetemeka unateleza. Ndicho kilichomponza.

Cha pili ni duara lililojaa nywele ngumu kama za brashi, na tundu katikati. Mshale unapita humo. Hata uuinamishe upinde kichwa chini miguu juu, mshale haudondoki. Ubaya wake, manyoya ya mshale lazima yasugue zile nywele yakipita, kwa hiyo mwendo unapungua kidogo na manyoya yanachakaa mapema.

Cha tatu ni kijimkono kinachoinuka ukivuta, halafu mshale ukiondoka kinaanguka chini chenyewe, na manyoya yanapita hewani bila kugusa kitu. Hicho ndicho cha bei, yeye alitoa dola mia na hamsini. Lakini kina kamba na springi. Kamba ikilegea au barafu ikiingia, kinagoma.

Nikamwuliza, "Sasa mzee, unyoya tu ndio unakunyima usingizi?"

Akasema unyoya ukijikwaa wakati wa kutoka, mkia wa mshale unatupwa pembeni. Mshale unaokwenda upande upande hauingii sawasawa, unajeruhi tu. Na yeye majeruhi mmoja anamtosha maisha yake yote.

Ndiyo maana alikuja Mangola. Alikuwa na swali moja tu: hawa watu wanaoishi kwa upinde mpaka leo, kilalio chao kikoje?

VUMBI NA VITUNGUU

Ukishapita Karatu, kabla ya lango la Ngorongoro, unakata kushoto na kuiaga lami. Vumbi la njia ile si mchezo, ukipiga chafya unatoa tofali. Lakini ukiteremka Mangola unashangaa. Maji ya chemchemi yanatembea kwenye mifereji, mikoche imesimama, na vitunguu kila upande mpaka macho yanawasha. Vile vitunguu vyekundu unavyonunua soko la Kilombero, vingi kwao ni huku. Mbele kabisa ndilo ziwa lenyewe, la magadi, na wakati wa kiangazi ukingo wake unakuwa mweupe kama umemwagiwa unga.

Pale Ghorofani unalipia utalii wa utamaduni na kupewa mwenyeji. Kama mfuko unaruhusu, nendeni. Si lazima uwe mzungu.

Saa kumi na moja alfajiri tukawa tumefika kwa Wahadzabe, wanaume watano wameuzunguka moto chini ya mwamba. Wahadzabe wote kwa jumla ni kama elfu moja na mia kadhaa tu. Lugha yao ina milio ya kubofya ulimi, na wataalamu mpaka leo hawajapata lugha nyingine ya kuihesabu kuwa ndugu yake. Kiswahili wengi wanakijua vizuri, pengine kuliko Kiingereza changu.

Kijana mmoja alikuwa anapasha ufito kwenye moto, kisha anauuma kwa meno na kuukunja taratibu mpaka ukanyooka. Mwingine ananoa chembe ya chuma. Hizo chembe hufuliwa na wahunzi wa Kidatoga, majirani zao, mara nyingi kutokana na misumari.

Nikaamkia, "Shikamoo mzee," kwa yule mkubwa wao, mvi zimeanza. Akaitikia. Mgeni akanigusa bega: uliza sasa.

Hapa ndipo Kiingereza changu kiliponiaibisha. Neno lao la kilalio ni lile lile la kupumzika. Mimi bila kufikiri nikatafsiri kavu kavu:

"Mzee, mgeni anauliza mshale wenu unapumzika wapi?"

Kikapita kimya. Mzee akanitazama, akautazama mshale, akanitazama tena.

"Mshale haupumziki, kijana. Unapumzika ukishaingia kwenye nyani."

Wenzake wakacheka mpaka mmoja akakohoa moshi. Nikaona aibu, nikaeleza upya kwa mikono. Mzee akaelewa. Akachukua upinde wake, mrefu kumpita yeye mwenyewe, akaushika katikati, akalaza mshale juu ya kidole cha mkono ule ule ulioshika upinde. Akamwonyesha mgeni kile kidole.

Basi. Ndicho kilalio chao, hakina duka wala dola.

KIDOLE CHANGU

Tukatoka kuwinda. Sitawadanganya kwamba nilikuwa shujaa. Wale jamaa wanatembea kama wana deni, wanapita chini ya miiba mimi inanivua kofia. Kwa saa tatu walipata pimbi mmoja na ndege wawili. Mzee aliniambia zamani hawakwenda mbali hivyo, ila mashamba yameongezeka na wanyama wamehama. Wenzao wa Bonde la Yaeda angalau walipata hati ya kimila ya ardhi yao mwaka 2011. Huku Mangola wanabanana na vitunguu.

Tuliporudi nikaomba nami nijaribu, nisije nikaulizwa kijiweni. Nikapewa upinde. Jamani! Pinde zile nyingi zinataka nguvu ya kuinua kama kilo thelathini hivi. Nilivuta mpaka shingo ikatoa mishipa, mshale nimeuokota mwenyewe kwenye rundo la kuuzia watalii. Nikaachia. Mshale ukaenda hatua kumi na kulala, na kidole changu kikawa chekundu.

Mzee hakucheka safari hii. Akauokota ule mshale na kunionyesha pale unyoya unapoanzia. Uzi ulikuwa umelegea na kikonyo cha unyoya kimesimama kama mwiba. Akatoa mshale wake kwenye podo, akapitisha kidole changu kizima palepale. Laini kabisa. Kikonyo kimechongwa na kufungwa kwa kano ya mnyama, ikakaukia hapo.

"Mkono ni huu huu, hatuubadilishi," akasema. "Tunachagua mshale."

Nikamtafsiria mgeni, safari hii taratibu. Akaomba ule mshale, akapitisha kidole mara tatu, nne. Yeye miaka miwili alikuwa anabadilisha kilalio kimfae mshale. Hawa kilalio walizaliwa nacho, wanautengeneza mshale ukifae. Shida ni ile ile: unyoya upite salama.

Ndipo mgeni akaniomba nimsimulie mzee habari za kulungu wake. Nikasimulia yote, mlio, tumbo, mvua. Mzee akasikiliza bila kukatiza, kisha akauliza jambo moja.

"Alikuwa mbali kiasi gani?"

Mgeni akasema hatua arobaini.

Mzee akainuka, akatembea kutoka pale motoni kuelekea kwenye mti mmoja. Mgeni akawa anahesabu kimya kimya, midomo inacheza. Kumi na nane. Mzee akasimama.

"Mimi ningengoja afike hapa. Asipofika, simpigi. Kesho yupo."

Akaongeza kwamba hata wao wanapoteza. Kwa mnyama mkubwa wanapaka chembe sumu ya miti, na wakishapiga hawamkimbilii, wanamwacha sumu ifanye kazi, kisha wanafuata nyayo. Na bado kuna siku wanarudi mikono mitupu, wanajua mnyama amelala mahali. "Inauma," akasema, akakaa chini.

Neno hilo sikulitafsiri. Nadhani mgeni alilielewa.

Njiani kurudi, vumbi limetugeuza wote watu wa rangi moja, mgeni akatwambia ameamua. Kile cha dola mia na hamsini anakiuza. Atafunga kile cha brashi, maana mikono yake haitaacha kutetemeka na umri unakwenda, na humo mshale haudondoki. Nikamkumbusha: si ulisema kinapunguza mwendo? Akasema mwendo ni wa mtu anayepiga hatua arobaini. Yeye kuanzia mwezi wa kumi ujao mwisho wake ishirini. Mnyama asipofika hapo, atashuka mtini aende akanywe kahawa.

Binamu, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema kitu, akabadilisha gia na kusema, "Kwa hiyo umetoka Marekani kuja kuambiwa usogee karibu?"

Nikatafsiri. Mgeni akacheka mpaka akavua miwani kuifuta vumbi.

Mimi malipo yangu nimepata, na mshale mmoja wa zawadi uko ukutani chumbani kwangu, kikonyo kimefungwa vizuri, nimekagua mwenyewe. Plasta naitoa Jumamosi. Mkinikuta kijiweni, msiniulize kilichonichana. Nimeshawaambia.