Malazi ya Msafiri: Siku Nane Woluwe-Saint-Lambert



Kiangazi kilichopita tulifunga safari kwenda Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, kumjulia hali mama yetu mkubwa aliyelazwa katika hospitali ya chuo kikuu ya Saint-Luc. Kabla ya kufunga mizigo, shauri moja lilitugawa: tulale wapi?

Wazee walishika kwamba kulala kwingine, hali jamaa yupo mjini, ni kumvunjia heshima. Vijana wakajibu kuwa jamaa huyo ana vyumba viwili na watoto wanne, nasi tu sita. Hapo tukakumbushana mafunzo ya Mtume (s.a.w.), kwamba ukarimu kwa mgeni ni siku tatu, yazidiyo ni sadaka, wala haimpasi mgeni kukaa hata amtaabishe mwenyeji wake. Wahenga nao walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na katika fleti ya ghorofa ya tano hakuna shamba la kulima.

Tulimpigia simu mapema, tukamweleza kwamba tutakula kwake siku ya kwanza na siku ya Ijumaa, bali tutalala karibu na mgonjwa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mchana mniachie watoto." Udugu ukasalimika.

Saint-Luc, iliyofunguliwa mwaka 1976, imo Woluwe-Saint-Lambert, mojawapo ya manispaa 19 za Jimbo la Brussels. Majina huko huandikwa kwa Kifaransa na Kiholanzi. Ukiona Sint-Lambrechts-Woluwe, ni pale pale. Lakini Woluwe-Saint-Pierre ni manispaa nyingine, jirani yake, nasi nusura tulipie chumba huko kwa kusoma neno la kwanza tu. Tazameni namba ya posta: 1200 ni Saint-Lambert, 1150 ni Saint-Pierre.

Tuliacha hoteli, tukakodi fleti ndogo yenye jiko karibu na kituo cha Roodebeek. Treni ya chini ya ardhi, njia ya 1, ilitufikisha Alma, kituo cha hospitali, baada ya vituo viwili tu. Kwa upande wa pili, njia hiyo hiyo hupita Schuman, karibu na Msikiti Mkuu ulio katika bustani ya Cinquantenaire, kisha hufika Comte de Flandre, katika manispaa ya Molenbeek, ambako nyama ya halali hupatikana kwa urahisi. Kote huko hatukubadili treni.

Jiko ndilo lililotufaa kuliko yote. Mama mkubwa alikuwa amekinai chakula cha hospitali. Kwa idhini ya wauguzi tulimpelekea uji na mchuzi mwepesi wa kuku. Siku ya kwanza alikula vijiko sita. Siku ya nne alimaliza bakuli, akauliza kwa nini pilipili imekosekana.

Basi, kabla ya kulipa, ulizeni haya. Je, jikoni mna sufuria? Je, ipo lifti kwa ajili ya wazee? Je, chooni mna bomba? Nyumba nyingi za huko choo kiko mbali na bafu. Chukueni kopo lenu la maji. Je, chini ya chumba hapana baa? Kibla kutoka Brussels ni kusini-mashariki. Nayo Juni jua huzama karibu saa nne usiku, na Isha huchelewa mno. Aliyelala mbali na mgonjwa atarudi amechoka kabla ya kusali.

Siku ya mwisho tuliwapeleka watoto wote, wa kwetu na wa mwenyeji, katika bustani ya Malou, wakakimbia hata wakachoka. Mwenyeji alitusindikiza hadi kituoni, akicheka na kututaka turudi. Lau tungalilala kwake siku nane, hatujui kama angalicheka.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Wabillahi tawfiq.