Kioo Juu ya Ufa

Mwaka 2008 nilistaafu ualimu nikapata kiinua mgongo changu. Fedha ya namna hiyo mtu huipata mara moja tu maishani, na kila anayekutana nawe njiani anajua kwamba umeipata. Mimi na mke wangu tulikuwa tumeishi miaka 26 katika nyumba za shule na za kupanga, Ngarenaro, Kaloleni, mwisho Kijenge. Hatukuwa tena na nguvu za kununua kiwanja, kuchimba msingi na kukesha tukilinda saruji. Tukaamua kutafuta nyumba iliyokwisha kujengwa. Mwezi Januari 2009 dalali mmoja akatupeleka Sekei, kwenye nyumba ya miaka ya 1950 iliyo juu ya mto Themi.

Niliipenda kabla sijafunguliwa mlango. Kuta zake zilikuwa za mawe, uani palikuwa na mparachichi mkubwa, na ukisimama barazani asubuhi ulimwona Meru mzima, kuanzia mashamba ya migomba mpaka kileleni. Ndani kulikuwa kumepakwa rangi nyeupe, mpya. Mwenye nyumba alikuwa mzee mjane, mpole, akatuandalia chai. Wakati wa kutoka dalali akaninong'oneza kwamba yupo mtu kutoka Dar es Salaam anayekuja Jumamosi na fedha taslimu.

Usiku ule nilikuwa tayari kutoa malipo ya awali. Mke wangu akaniuliza, "Baba, nyumba hiyo ameikagua nani?"

Nikamjibu kwamba imekwisha kupimwa na mthamini, na taarifa yake dalali anayo.

"Huyo ameandika bei," akasema. "Mimi nauliza afya yake."

Swali hilo lilinikasirisha, maana sikuwa na jibu. Ndugu msomaji, lugha yetu ina neno moja, kupima, nalo linabeba kazi nyingi. Mpima ardhi hupima mipaka. Mthamini hupima thamani. Daktari hupima mgonjwa. Mtu akikuambia "nyumba hii imepimwa", unatulia moyo bila kuuliza kilichopimwa ni kipi. Mthamini huitazama nyumba ili aseme itauzwa kwa kiasi gani; hana wajibu wa kupanda darini kutafuta mchwa. Mpima ardhi hutafuta bikoni; ukuta ukiwa umepinda ndani ya mipaka, hiyo si kazi yake. Benki inayokopesha humtaka mthamini, kwa kuwa inalinda mkopo wake. Afya ya nyumba hubaki kwa mnunuzi mwenyewe, naye mara nyingi ndiye mwenye haraka kuliko wote.

Tukakubaliana kufanya mambo matatu, na kila moja tulilipie.

La kwanza lilikuwa upekuzi wa hati kwa Msajili, ofisi ambayo kwa kanda yetu wakati ule ilikuwa Moshi. Watu wengi hufanya upekuzi kutaka kujua kama nyumba imewekwa rehani au ina mgogoro. Hiyo ni sawa, lakini kwa nyumba kuukuu kuna swali jingine. Hati miliki hutolewa kwa muda, kama miaka 33, 66 au 99. Nyumba yenye nusu karne inaweza kuwa na hati iliyobakiza miaka michache, nawe ukadhani umenunua ya vizazi. Ya kwetu ilikuwa na miaka mingi bado, na haikuwa na deni.

La pili tulimchukua mpima ardhi. Alikuja na ramani na vifaa vyake, akafukua bikoni moja baada ya nyingine. Tatu zilikuwa mahali pake. Ya nne ilikuwa hapa upande wa jiko, na jiko lenyewe lilikuwa ng'ambo yake. Lilikuwa limejengwa nje ya kiwanja, likishuka kuelekea mtoni. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Nyumba yenyewe ilikuwa salama, nje ya mita hizo. Jiko lilikuwa limeingia. Mthamini, katika taarifa yake, alikuwa amelihesabu pamoja na nyumba.

La tatu nusura nilikatae. Mke wangu alimleta fundi mzee wa kujenga kwa mawe, mtu wa Nkoaranga. Mimi nilitaka mhandisi mwenye mhuri. Fundi hakuudhika. Alisema, "Mwalimu, mwite na mhandisi. Lakini mimi nitapanda darini, naye atakutuma wewe." Akapanda. Alichoma kenchi kwa bisibisi, moja moja, akisikiliza. Mbili zilikuwa zimeliwa na mchwa, nyingine nzima. Alishuka akagonga kuta zote kwa kitako cha nyundo, na pale jikoni rangi nyeupe ilipoitika kama debe, akaikwangua. Chini ya lipu mpya kulikuwa na ufa unaoingia kidole.

Nikakumbuka Julai 2007, ardhi ilipotetemeka siku nyingi mfululizo, kabla ya Oldoinyo Lengai kulipuka mwezi Septemba. Arusha nzima tulilala tukiwa tumevaa. "Ni lile tetemeko," nikasema, kwa matumaini, kwa kuwa tetemeko limekwisha kupita.

"Labda," fundi akajibu. "Ufa wa tetemeko umelala. Ufa wa udongo unatembea. Tuuulize wenyewe."

Akachukua vipande vya kioo chembamba, kila kimoja urefu wa kidole, akavibandika kwa plasta juu ya ufa, kimoja jikoni na vingine viwili kwenye nyufa ndogo za stoo na chumbani. Juu ya kila kipande akaandika tarehe kwa penseli. Kioo hakinyumbuki, ukuta ukisogea hata kidogo, kinavunjika. "Sasa tungojee masika," akasema. Ilikuwa Februari.

Kungojea ndiko kulikokuwa kugumu. Mtu wa Dar es Salaam aliyetajwa hakutokea Jumamosi ile wala iliyofuata, lakini kila dalali alipopiga simu moyo wangu uliruka. Katika muda huo mke wangu alipeleka maji ya kisima cha uani kupimwa. Sisi wa hapa tunayajua meno ya rangi ya kahawia ya watoto wa kando ya Meru. Ni madini ya floraidi yatokayo katika miamba ya volkano, na huko Ngurdoto kipo kituo kinachotafiti namna ya kuyaondoa kwa mkaa wa mifupa. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Ya kisima kile yalizidi. Tukajua kwamba yatakuwa ya kufulia na bustani, si ya wajukuu kunywa.

Mwishoni mwa Aprili, baada ya wiki tatu za mvua, tulikwenda wote. Kioo cha chumbani kilikuwa kizima. Cha stoo kizima. Cha jikoni kilikuwa kimekatika katikati, sawasawa kama kilichokatwa kwa almasi. Fundi akatuonyesha sababu: maji ya paa zima yalikuwa yakimwagwa na mfereji mmoja kwenye pembe ile, na jiko lilisimama juu ya kifusi.

Nilimwendea mwenye nyumba nikiwa nimejaza maneno kifuani. Nilikwisha kumhukumu kuwa tapeli aliyetufichia ufa kwa rangi. Nilimshika mkono nikampeleka mbele ya kioo. Alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba jiko lile alilijenga kwa mikono yake mwaka 1978, mke wake alipochoka kupikia nje mvuani. Rangi aliipaka mwaka uliotangulia, wiki mke huyo alipofariki, kwa sababu wageni wa msiba walikuwa wanakuja na hakutaka waone ukuta wa mama umepasuka.

Maneno yangu yote yaliniishia. Methali inasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mzee wa watu aliuziba, kadiri alivyoweza.

Tulikaa chini tukazungumza upya. Aliondoa bei ya jiko na ya kenchi mbili, bila ugomvi, na punguzo hilo lilikuwa kubwa kuliko jumla ya tulichowalipa mpima ardhi, fundi na upekuzi. Tulinunua nyumba mwezi Juni 2009. Kabla hatujalibomoa jiko, nilimwomba mzee aje achukue anachotaka. Alichukua mlango.

Nikiulizwa leo na anayetaka kununua nyumba kuukuu, namwambia aulize kwanza: imepimwa nini? Kisha amlipe mtu ambaye hana fungu lolote katika mauzo, na akipewa nafasi, aisubiri mvua. Muuzaji asiyeweza kungoja mvua moja amekwisha kukujibu.

Vioo vya stoo na chumbani hatukuvibandua. Kila mwaka masika yakiisha mke wangu hupita navyo na tochi, tarehe ya penseli ingali inasomeka, kisha hurudi sebuleni akaniambia, "Baba, vipo."