Kiungio Kilichokaa Nje ya Ukuta

Ni miaka mitatu sasa nazinukuu kanda za marehemu mama. Ni kanda 27, ambamo ameghani tenzi alizozihifadhi tangu utotoni kwao Pemba. Kunukuu ni kazi ya sikio. Mwenye kuupenda utenzi anajua kwamba vina humsaidia mnukuzi mwishoni mwa mshororo, na mizani 8 humwonya anapopunguza au kuongeza. Lakini katikati ya mshororo hakuna kina cha kumshika mkono. Katika ubeti mmoja mama anasema ama “katua” ama “katoa”. Mizani ni ile ile, na maana zote mbili zinakubali: mtu katua mzigo wake, au mtu kautoa. Mimi niliandika “katoa”. Dada yangu, aliyekuwa akisuka ukili pamoja na mama siku zile, hakukubali.

Kilichokuwa kikinizuia nisisikie ni feni. Kompyuta yangu aliniundia mpwa wangu aliyeko Maskati, nayo ni mashine yenye nguvu kupita haja yangu. Nikifunga madirisha ili kelele za njia zisiingie, hasa miezi ya kaskazi, chumba hupata joto na feni huvuma kama mashine ya kusagia unga. Kwa kweli uvumi huo hauingii katika nakala za kanda, maana sauti hupita kwa waya. Ila huingia sikioni mwangu.

Mpwa wangu alinishauri nipoze kwa maji, na rejeta niiweke nje. Maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 kuliko hewa ya ujazo ule ule. Basi pampu ndogo huyapitisha juu ya kichwa cha prosesa, yakatoka kwa mpira hadi uani, yakapoa kwenye rejeta, yakarudi. Kelele ya feni huachiwa kuku. Wala hakuna hofu ya umande kutonesha juu ya mashine, kwani maji ya namna hii hayawi baridi kuliko hewa inayoyapoza.

“Lakini mjomba,” alisema, “kabla hujaingiza tone moja la maji, sauti za bibi ziwe mahali pawili.” Nilimtii. Hata hivyo nakala moja iliyoko ughaibuni haikunitoa wasiwasi wa kuyapitisha maji karibu na sauti ya mama.

Nyumba yetu ni ya mawe na chokaa, na ukuta wa uani ni mnene karibu mkono mzima. Mipira ikishapita tundu lake, mashine haisogei tena, isipokuwa pawepo mahali pa kuikata. Hapo ndipo nilipogundua kwamba shughuli nzima iko katika viungio.

Vya kwanza ni vya meno: kijibomba chenye matuta, unauchovya mpira katika maji ya moto ulainike, unausukuma, kisha unaufunga kwa klipu. Ni rahisi, na hakina kitu ndani cha kuharibika. Cha pili kina kofia inayokazwa juu ya mpira na kuubana pande zote. Kinapendeza macho, lakini kinadai vipimo viwili: upana wa ndani wa mpira na wa nje pia. Kofia ya mpira wa milimita 10 kwa 13 haiukubali ule wa 10 kwa 16, na mimi niliutaka huu wa pili kwa sababu unene wake hauukunji kwenye kona. Cha tatu ni kile cha kuchomoa: nusu mbili, kila moja na vali yake ya springi, ukizitenganisha kila upande hujifunga wenyewe. Hupunguza kidogo mwendo wa maji, na aghalabu hudondosha tone moja au mawili.

Nilitaka vya kuchomoa kila mahali. Nani asiyependa kitu kinachofunguka kwa kubonyeza? Lakini kila kiungio ni mlango wa maji, na kile cha kuchomoa kina milango kadhaa ndani yake. Nikaamua viungio vya ndani ya kasha viwe vya meno na klipu, vichache iwezekanavyo, visifunguliwe ovyo. Na jozi mbili za kuchomoa zikae uani, upande wa pili wa ukuta, ambako tone likianguka linaangukia sakafu ya saruji.

Kununua kulikuwa na vituko vyake. Nyuzi za vifaa hivi huitwa robo inchi, nami nikaenda na rula kutafuta kitu cha milimita 6. Kumbe jina hilo limetokana na tundu la mabomba ya kale ya Kiingereza. Nyuzi zenyewe, ukizipima kwa nje, ni milimita 13 na ushei. Nilichokuwa nacho mkononi kilikuwa sahihi, na nilikirudisha dukani kwa ujinga wangu. Kisha ikaja habari ya madini. Alumini na shaba nyekundu zikikutana katika maji yale yale, alumini huliwa. Kwa kuwa rejeta yangu ni ya shaba, nilichagua viungio vya shaba njano vilivyopakwa nikeli.

Fundi bomba wa mtaani alikuja na tepu yake. “Maalim, bila ya tepu hapa patavuja.” Nilimwonesha oringi, ule mpira mdogo wa duara unaolala chini ya kichwa cha kiungio, huo ndio uzuiao maji, si nyuzi. Akatabasamu kwa adabu, kisha akakikaza kwa spana.

Tulitia maji ya betri, yasiyo asidi, tukaiwasha pampu peke yake, kompyuta ikiwa haina umeme, na chini ya kila kiungio tukatandaza karatasi laini. Shuruti ilikuwa saa 24. Alfajiri, karatasi moja ilikuwa imelowa. Oringi ilikuwa imebanwa hata ikachomoza pembeni. Nilibadilisha, nikakaza kwa vidole tu, nikaanza kuhesabu saa 24 upya. Usiku huo niliamka mara nne kwenda kupapasa karatasi gizani.

Ziliposalia kavu, niliunganisha umeme, nikafunga madirisha, nikaiweka kanda ya 11. Kwanza nilisikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia katika kanda zile: mchakacho wa ukili mikononi mwa mama, kati ya mshororo na mshororo. Kisha ubeti wenyewe ukafika. Nikairudisha nyuma, nikasikiliza tena, nikamwita dada jikoni.

“Katua,” alisema, kabla hata hajakaa.

Nikachukua kalamu ya risasi.