Mtu Asiyeonekana Barabarani



Huenda mmepata kuona picha ya barabara usiku isiyo na motokaa hata moja, ila mistari mirefu ya mwanga, myeupe upande huu na myekundu upande ule. Wengine hudhani ni kiini macho. Sivyo. Nitawaeleza jinsi inavyopigwa, maana ndani yake mna jambo linalowahusu watoto wenu.

Picha ya mchana hupigwa kufumba na kufumbua. Hii hutaka jicho la kamera liachwe wazi sekunde 10, 20, hata 30, nayo kamera isimamishwe juu ya miguu mitatu isitikisike. Kitu kilichotulia, kama mbuyu au nyumba, hutokea vizuri. Motokaa haikai mahali pamoja hata ikaacha umbo lake. Taa zake tu, kwa kuwa ni kali, huchora njia zilikopita. Za mbele huchora nyeupe, za nyuma nyekundu.

Jambo hili ni la zamani. Mwaka 1838 Mfaransa Louis Daguerre alipiga picha ya barabara moja ya Paris, mchana. Kulikuwa na watu na magari ya farasi, lakini picha ilichukua dakika kadhaa, na wote waliokuwa wakienda wakatoweka. Alionekana mtu aliyesimama kung'arishiwa viatu.

Hapa Mitwero tunapitiwa na barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mtoni Rufiji mwaka 2003, na mwaka 2023 serikali iliruhusu tena mabasi kusafiri usiku. Basi taa za kupigia picha hatuzikosi.

Usiku mmoja nilisimamisha kamera mbali na lami, nikamwomba mpwa wangu atembee kando ya barabara. Lori likapita, naye akapita. Kutazama picha, lori limeacha mistari yake. Kijana hayumo kabisa. Nikampa tochi, akarudi njia ile ile. Mara hii ukatokea mstari mwembamba, ukipanda na kushuka kwa kila hatua yake.

Dada yangu, mama yake kijana, aliishika picha ya kwanza kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Kaka, na dereva je, alimwona?"

Jicho la dereva si kamera, lakini swali lile ni la haki. Motokaa iendayo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Mtu aliyevaa nguo nyeusi, asiye na taa, huonekana akiwa karibu mno, na breki haziwezi kusimamisha lori papo hapo.

Kwa hiyo, akina baba na akina mama, mkimtuma mtoto dukani giza likiisha kuingia, mpeni tochi, na avae nguo nyeupe. Atembee upande wa kulia, apate kuziona motokaa zinazomjia. Nanyi vijana mtakaopenda kupiga picha hizi, simameni mbali na lami, wala msimmulike dereva machoni.

Dada yangu ametundika picha zote mbili karibu na mlango. Chini yake ameweka msumari, na kwenye msumari huning'inia tochi.