Daftari la Fomu Foo, Dzaleka

Kazi yangu ya kwanza ya uandishi nililipwa chupa ya soda ya Cocopina. Tulikuwa Fomu Foo katika sekondari ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, Malawi, na mtihani wa MSCE wa kumaliza sekondari ulikuwa umeshabisha hodi. Mwalimu wetu wa Kiingereza alitaka siku ya mahafali kila mwanafunzi asomewe wasifu wake mbele ya wazazi: maneno machache, ya kweli, ya kuchekesha, yasiyomvunjia mtu heshima. Mwandiko wangu ulikuwa unasomeka, basi daftari likaangukia mikononi mwangu. Tangu hapo nimefundisha watoto wa shule ya msingi, nimekuwa mkalimani wa wageni, nimeshika hesabu za duka Lilongwe, na sasa natangaza redioni. Ujuzi wa kazi zote hizo niliupata nikiwaandika wenzangu wa darasa.

Jambo la kwanza lilikuwa kuamua nini kisiingie. Tulitoka Uvira, Fizi, Bukavu, Bujumbura, Kigali. Karibu kila mmoja alikuwa na hadithi ya njiani: ziwa usiku, lori la mizigo, Tanzania yote hadi mpaka wa Songwe, kisha mahema ya Karonga. Hadithi hizo tulikuwa tumeshazieleza mno, kwa afisa wa usajili, kwa mgeni mwenye kamera, kwa mfadhili aliyepita. Nilijua mwaka ambao jirani yangu wa dawati alivuka mpaka, ila hakuna aliyewahi kuniuliza jinsi anavyocheka. Nikaapa kwamba vita haitaingia katika daftari lile hata mstari mmoja. Kila mtu ataingia kama tulivyomzoea darasani.

Majina yao nayahifadhi, kwa kuwa baadhi wana mafaili ambayo bado yako wazi. Majina ya utani yanatosha, na wenyewe wanayapenda.

Wa kwanza kumwandika alikuwa Waziri wa Maji. Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu elfu kumi na kitu. Leo ina zaidi ya 50,000, na tangu utoto wetu pampu za maji hazijawahi kumtosha mtu. Waziri aliamka gizani akapanga madumu ya mtaa mzima kwenye foleni. Alilijua kila dumu na mwenyewe: lenye mfuniko wa gunzi la mahindi, lililochorwa msalaba kwa rangi ya kucha, lililovuja ubavuni likazibwa kwa plastiki iliyoyeyushwa. Aliingia darasani suruali imelowa hadi magotini, akakaa mbele, akajibu maswali yote ya jiografia. Nilimwandikia hivi: “Ukimkosa darasani, fuata foleni ya madumu. Ukikuta inasonga na hakuna anayetukana, yupo.”

Gogo, yaani bibi kwa Chichewa, alikuwa msichana wa Bukavu. Alifika Malawi akiwa mdogo, hajui neno la Chichewa. Tulipofika Fomu Foo alikuwa anawasahihishia tahajia wenyeji. Alipokutana na mzee wa kijijini alipiga goti kama mtoto wa Kichewa, akamwuliza habari za mashamba, mbuzi na kifua, moja baada ya nyingine, bila haraka, hata kama kengele ya shule imeshalia. Tulichelewa sana kwa sababu ya magoti yale. Nakumbuka mwalimu wa zamu alivyomngoja getini na fimbo mkononi, na yule mzee aliyekuwa anasalimiwa akaja naye hadi getini kumtetea.

Halafu yuko Mkongomani wa Dowa, ambaye ni Mmalawi halisi. Shule yetu ilipokea pia watoto wa vijiji jirani, naye alikuja kwa miguu kila siku. Kambi yetu, kabla ya kuwa kambi, ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa zama za Kamuzu Banda, na watu wa umri wa babu yake hawakulitamka jina la Dzaleka kwa sauti. Babu huyo alitaabika sana kusikia mjukuu wake anakwenda Dzaleka kila asubuhi kwa hiari yake, na mfuko wa vitabu begani. Mjukuu hakuwa na wasiwasi wowote. Alishajifunza Kiswahili, matusi kwanza na salamu baadaye, na alijua nyumba gani inapika sombe, yaani kisamvu, siku gani. Mama yangu alikuwa akimwona kwa mbali anasema, “Ongezeni maji ya ugali, shemeji yenu anakuja.” Hakuwa shemeji wa mtu. Alikuwa ameingia tu katika hesabu ya sufuria.

Ukurasa mrefu kuliko zote ulikuwa wa Profesa Pointi. Katika MSCE kila somo lina alama kutoka 1 hadi 9. 1 ndiyo bora, 9 ni kuanguka. Yanajumlishwa masomo sita uliyofanya vizuri zaidi, kwa hiyo bingwa wa nchi ana pointi 6, na kadiri namba inavyopanda ndivyo mambo yanavyoharibika. Profesa aliwahesabia wote. Ulimpa alama zako za majaribio, akafumba macho kidogo, akakutajia pointi zako na chuo kinachoweza kukutazama. Tatizo lake lilikuwa nyumbani. Baba yake alisoma Kongo, ambako mtihani wa taifa hutolewa kwa asilimia, na mwenye namba kubwa ndiye mwenye ng’ombe. Mtoto alipoleta pointi 14 za majaribio, mzee alikaa kimya muda mrefu. Alikuwa amesikia kwamba mtoto wa jirani ana 39. Asubuhi yake alivaa koti, akaenda kumpongeza jirani, na jirani, naye mtu wa Fizi, akampokea kwa chai na pole. Wazee wale wawili walifarijiana hadi karibu saa sita, mmoja kwa furaha, mwingine kwa huruma, ndipo Profesa akaja na daftari la hesabu kuwaeleza. Wote wawili walimwomba arudie.

Wengine niliwaandika kwa mstari mmoja mmoja. Mapacha waliomiliki jozi moja ya viatu vyeusi vya kaunjika, yaani mitumba, na kupeana zamu kwa haki kabisa. Mchezaji ngoma aliyelala kwenye kila kipindi cha baiolojia na kupata alama nzuri. Mpole wa dawati la nyuma, aliyepiga mluzi kila alipopata jibu la aljebra.

Siku ya mahafali nilisoma yote kwa Kiswahili, Gogo akafuata kwa Chichewa. Wazazi walicheka hadi viti vya plastiki vikasogea. Baadaye mama wa yule mpole alinivuta kando, akaniuliza huwa ni mluzi wa wimbo gani. Nikampigia. Akaniomba nirudie, kisha akaenda kumtafuta mwanawe.

Baada ya matokeo tulitawanyika kadiri sheria ilivyoruhusu. Malawi iliingia Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 ikiweka masharti kuhusu ajira na kutembea, ndiyo maana mwalimu mkimbizi kambini hulipwa posho tu. Kwa posho hiyo nilifundisha, na kila mwisho wa mwaka wa masomo niliwaandikia watoto wasifu wao kwa hiari yangu, hata wa darasa la pili. Ukalimani ulinifundisha upande mwingine: fomu huuliza tarehe, njia na sababu, na ni haki iulize. Lakini nimeona mtu akijibu maswali hayo yote kwa saa mbili, akasimama kuondoka, na ndani ya chumba hakuna aliyejua kwamba ni fundi cherehani hodari. Mimi hilo siwezi kulizoea.

Waziri wa Maji alifungua duka Lilongwe, na nikaenda kumshikia hesabu. Tukitoka kambini tulipanda minibasi Dowa Turn-off, tukapita Lumbadzi na Kanengo hadi mjini. Dukani kwake hapakuwa na msukumano hata siku ya mishahara. Aliwapanga wateja kama madumu, akimjua kila mmoja na anachokuja kununua. Machi 2023 serikali ilitangaza kwamba wakimbizi wote wanaoishi mijini warudi Dzaleka ifikapo tarehe 15 Aprili. Alirudi na mbao za rafu juu ya lori. Majirani zake Wamalawi walimsaidia kupakia, na wengine walilia. Sasa ana kibanda karibu na soko la kambi, na mimi bado namkagulia daftari la madeni.

Profesa Pointi alisoma kwa intaneti ile diploma ya Regis University ya Denver iliyoletwa kambini na Wajesuti, na anafundisha hisabati. Gogo alichaguliwa na mpango wa WUSC wa wanafunzi wakimbizi, akaenda Canada kusoma. Mkongomani wa Dowa hujitokeza kila mwaka kwenye Tamasha la Tumaini, alilolianzisha mshairi Menes la Plume mwaka 2014, kuwapokea wageni wa Lilongwe wanaokuja kulala katika nyumba zetu. Huwapeleka kwanza panapopikwa sombe.

Redioni, kipindi changu huanza kwa kumwuliza mgeni anapenda kufanya nini kwa mikono yake. Mwezi uliopita niliwatumia wenzangu nakala ya daftari la zamani kwenye kundi letu la WhatsApp. Gogo alijibu kwa sauti, kwa Chichewa, akitaka niongeze kwamba sasa anachota theluji kwa koleo mbele ya nyumba ya bibi mmoja jirani yake, na kwamba huchelewa kazini kwa sababu bibi huyo naye ana habari nyingi za kuulizwa. Nimeongeza. Profesa amelalamika kwamba ukurasa wa Gogo sasa unazidi wake kwa mistari minne. Ameihesabu, na anadai naye apewe nyongeza, akinikumbusha kwamba safari hii mwenye namba kubwa ndiye mshindi.