Panauma Kiasi Gani?

Miaka ya themanini, mtu wa kijijini kwetu Ikombe akivunjika paja, ndugu walijua hawatamwona nyumbani msimu mzima. Alilazwa kwenye mtumbwi, mguu umefungiwa vipande vya mianzi, akapelekwa Matema kwa kufuata miguu ya milima ya Livingstone. Wimbi moja la Ziwa Nyasa lilitosha kumfanya mtu mzima amwite mama yake.

Mjomba alianguka kutoka kwenye mchikichi. Mimi, mtoto wa kutumwatumwa, niliongozana na mkewe kwenda kumuuguza katika hospitali ambayo sitaitaja. Mguu wake ulining'inizwa, kilo za chuma zikiuvuta kwa kamba. Mfupa uvutwe, usubiriwe: tiba ndiyo hiyo. Wiki sita ilikuwa hesabu ya chini, na wengine walivuka miezi mitatu. Kwenye raundi aliulizwa homa, choo na usingizi. Akigusia maumivu, jibu lilikuwa "Jikaze, mzee."

Siku ya kufunguliwa, goti lilikuwa limekauka. Mtu wa mazoezi alipojaribu kulikunja, mjomba aliuma shuka. Kuanzia hapo, akisikia viatu vya yule bwana kwenye korido, alijifanya amelala. Paja lilikuwa limeshaunga. Kilichombakiza wodini ni goti, na goti halikulegea kwa sababu kila likiguswa lilimuuma na hakuna aliyempa dawa kabla.

Nadhani hilo ndilo lililonipeleka Moshi kusomea fiziotherapia pale KCMC. Huko nikafundishwa kumuuliza mgonjwa maumivu yake kwa namba, sifuri hadi kumi. Marekani, tangu 1995, wataalamu wa maumivu walikuwa wakihimiza yapimwe sawa na joto, mapigo, pumzi na presha. Wenzetu walikuja kuzama kwenye dawa za jamii ya mofini, na 2016 chama chao cha madaktari kikalitupa wazo hilo la kuyapima. Sisi shida yetu ilikuwa kinyume: wodi nzima panado.

Halafu kikaja chuma cha ndani ya mfupa. Shirika la SIGN, lililoanzishwa Marekani 1999, lilitengeneza chuma kinachoweza kuwekwa bila eksirei ya kumulika muda wote wa upasuaji, na hospitali za nchi kama yetu zikakipata. Mtu wa paja akaanza kusimama kwa magongo ndani ya siku chache. Hapo ndipo swali la maumivu lilipopata kazi. Mgonjwa aliyetulia kitandani atakwambia mbili. Mshushe miguu chini, inakuwa saba. Ukiandika ile mbili kwenye faili, umeandika habari za godoro. Mpe dawa mapema, ianze kufanya kazi, ndipo umwinue. Atakunja goti leo, na kesho hatakukimbia.

Mama yangu ni mfinyanzi, kama wanawake wengi wa Kikisi. Bodaboda ilipomvunja paja, aliwekewa chuma. Nilikuwa kando ya kitanda alipoulizwa panauma kiasi gani.

"Mbili, mwanangu," akamjibu sista.

Vidole vya mguu wake vilikuwa vimejikunja kama makucha. Alikuwa na vyungu vilivyokauka vikisubiri kuchomwa kwa ajili ya gulio la Matema, na mdogo wangu alikuwa akilala sakafuni, chini ya kitanda chake, akinunua chakula kila siku. Namba ndogo ilikuwa nauli ya kurudi nyumbani. Akapewa ruhusa.

Kwenye takwimu huyo ni mgonjwa aliyekaa siku chache, na hospitali inasifiwa. Lakini zile siku hazikufutika. Zilihamia Ikombe, kwa mdogo wangu, aliyembeba hadi chooni na kumkunja goti bila kufundishwa na mtu. Ninapofanya kazi sasa tunaandika namba mbili, ya kulala na ya kusimama, na mfinyanzi hatumuulizi namba peke yake. Tunamtandikia mkeka, tunamwambia akae kama anayefinyanga, kisha ainuke. Kwenye karatasi ya ruhusa pana mstari wa jina la atakayemhudumia nyumbani, na huyo naye harudi kabla hajaonyeshwa mazoezi.